Bwawa la Udongo Shambani: Mwongozo Kamili wa Kulikagua, Kulitunza na Kuzuia Lisipasuke

Chukua lambo la kawaida la shambani: kina cha mita 5 kwenye tuta, upana wa mita 80 kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yanayorudi nyuma bondeni kwa mita 300. Zidisha namba hizo tatu, gawa kwa 6, utapata kama mita za ujazo 20,000. Hizo ni tani 20,000 za maji, mizigo 2,000 ya lori la tani 10, na kinachozizuia ni udongo ulioshindiliwa, pengine miaka 50 iliyopita, na mtu ambaye hakuacha hata mchoro.

Kwa wahandisi, bwawa kama hilo ni dogo. Lakini usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba binafsi lililokuwa mlimani juu ya Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa za masika na kuua watu zaidi ya 40 bondeni.

Karibu kila tuta la udongo linalobomoka huangushwa na moja kati ya mambo mawili. La kwanza, maji yanapita juu ya tuta kwa sababu utoro (njia ya maji ya ziada) umeshindwa kuyapitisha. La pili, maji yanapita ndani ya tuta na kuondoka na udongo. Tuta kuteleza lenyewe ni jambo la tatu, na hutokea kwa nadra kuliko hayo mawili. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye utoro na kwenye uvujaji, na mengine unayapitia haraka.

Maneno tutakayotumia: mgongo ni juu ya tuta mahali pa kutembea; uso wa maji ni mteremko wa ndani, uso wa nje ni ule unaotazama bondeni; mguu ni pale uso wa nje unapokutana na ardhi; mabega ni sehemu mbili ambapo tuta linashikana na kilima; utoro ni njia ya maji ya ziada pembeni mwa tuta; kizingiti ni pale utoro unapoanza kumwaga.

Hatua ya 1: Pima ulichonacho

Usimwite mhandisi kabla hujapima mwenyewe, la sivyo siku yake ya kwanza ataimalizia kwa kazi ambayo ungeweza kuifanya na kijana mmoja wa shamba. Tafuta futi kamba ya mita 50, fimbo ya mita 3 iliyowekwa alama za sentimita, na mpira mwangavu wa mafundi wa mita 20 uliojaa maji bila mapovu. Kwa mpira huo unashuka uso wa nje ngazi kwa ngazi, unaandika tofauti ya kimo kwa kila ngazi, kisha unajumlisha. Hicho ndicho kimo cha tuta.

Andika kwenye ukurasa mmoja: kimo, urefu wa tuta, upana wa mgongo, mteremko wa pande zote mbili, upana na kina cha utoro, kipenyo cha bomba na mahali ilipo valvu, na eneo la ardhi linalomwaga maji yake kwenye bwawa lako. Eneo hilo utalipata kwenye ramani ya mistari ya mwinuko au picha za setilaiti.

Vipimo vya kulinganisha ni hivi. Mgongo usipungue mita 3. Uso wa maji uwe 3 kwa 1, maana yake mita 3 za kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kushuka. Uso wa nje uwe 2 kwa 1 au 2.5 kwa 1. Ukikuta uso wa nje umesimama kuliko 2 kwa 1, weka alama nyekundu. Mara nyingi utagundua kwamba kuna mtu aliongeza mita moja ya udongo juu bila kupanua chini, ili apate maji zaidi. Tuta halinyanyuliwi hivyo: kila mita ya kimo inadai mita 5 hivi za upana kwenye msingi.

Kisha pima mgongo wenyewe kila baada ya mita 5, mwisho hadi mwisho. Udongo hushuka kwa miaka. Tuta lililoshindiliwa kwa mashine hushuka kama asilimia 5, na lililoshindiliwa kwa kupitishwa trekta au ng'ombe hufika asilimia 10 au zaidi, na linashuka zaidi katikati kwa sababu ndiko lilikonyanyuka zaidi. Ndiyo maana tuta linalotakiwa kusalia na mita 6 hujengwa likiwa na 6.6. Ukipata pahala palipobonyea kwa sentimita 40, kimo cha bwawa lako ni cha pale palipobonyea. Maji hayatajali kwamba sehemu nyingine zote ziko sawa.

Kama ndiyo kwanza unanunua shamba lenye bwawa la zamani, fanya haya yote kabla ya kusaini. Nyanda za juu za Kenya zina malambo mengi ya enzi za walowezi. Baadhi yana bomba la chuma lililooza katikati ya tuta, ambalo mwenye shamba wa sasa hajui kama lipo.

Hatua ya 2: Utoro

Anza na hesabu, kwa sababu utoro mwembamba hauonekani kuwa mwembamba hadi siku ya mvua yenyewe. Maji yanayokuja, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni: sehemu ya mvua isiyonyonywa na ardhi, mara milimita za mvua kwa saa, mara eneo kwa kilomita za mraba, gawa kwa 3.6.

Tuseme eneo lako ni kilomita za mraba 2, ardhi ni ya malisho na mashamba kiasi kwamba asilimia 40 ya mvua kubwa inatiririka, na mvua ni ya milimita 60 kwa saa. Basi 0.4 × 60 × 2 ÷ 3.6 = 13.3. Mita za ujazo 13 kila sekunde. (Milimita 60 ni mfano, kiwango cha eneo lako kitatoka kwa mtaalamu wa maji au idara ya hali ya hewa.)

Sasa utoro. Kila mita moja ya upana wa kizingiti hupitisha takriban 1.7 mara kina cha maji kikipandishwa kwa kipeo cha 1.5. Usiogope kipeo, jibu ni hili: maji ya kina cha sentimita 20 hupitisha mita za ujazo 0.15 kwa sekunde, sentimita 30 hupitisha 0.28, sentimita 50 hupitisha 0.6, mita 1 hupitisha 1.7. Kwa mfano wetu, maji yakipita kwa kina cha nusu mita, unahitaji 13.3 ÷ 0.6, yaani kizingiti cha mita 22. Nenda kapime cha kwako. Malambo mengi ya shambani yana utoro wa mita 4 au 5, na wenyewe wanaona ni mkubwa kwa sababu trekta linapita humo.

Hapo ndipo inapokuja dhambi inayopendwa kuliko zote: viroba vya mchanga kwenye kizingiti. Mvua zinakaribia kwisha, mwenye bwawa anataka maji ya kiangazi, anapanga viroba vya sentimita 30. Nafasi ya nusu mita imebaki sentimita 20. Kila mita ya utoro iliyokuwa ikipitisha 0.6 sasa inapitisha 0.15. Amejiongezea maji kidogo, lakini amepoteza robo tatu ya utoro, na viroba hivyo vitakuwa bado vimepangwa pale mvua isiyotarajiwa ikishuka saa 8 usiku. Uzio wa waya, wavu wa samaki, mahindi na matete yaliyoota ndani ya utoro vyote hufanya kazi ileile, kwa sababu mafuriko hayaji maji matupu. Huja na magogo, majani na mizoga, navyo hunasa.

Mfano mkubwa wa kosa hili ni bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani, tuta la udongo lililokuwa mali ya klabu binafsi ya uvuvi na uwindaji. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa na hayakurudishwa. Mgongo ulishushwa ili magari ya farasi yapishane. Utoro uliwekewa nyavu za chuma kuzuia samaki wasitoroke. Mnamo 31 Mei 1889 mvua kubwa ilijaza ziwa, takataka zikaziba nyavu, maji yakapanda juu ya tuta, na mji wa Johnstown ukapoteza watu zaidi ya 2,200. Ukizunguka mashamba leo utayakuta makosa hayo matatu hayohayo, kila moja kwenye bwawa tofauti.

Hata tuta lisilokusudiwa kuwa bwawa hufuata kanuni hiyo. Maafa ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 mwanzoni yalidhaniwa ni bwawa kupasuka. Mamlaka za maji zikaeleza kwamba maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka. Ukiwa na barabara ya shamba iliyopita juu ya korongo na kalvati moja chini yake, jua kwamba una bwawa lisilo na utoro.

Kukagua utoro:

- Kizingiti kiwe sawasawa kama meza, mwanzo hadi mwisho. Ukipanga zege jembamba la sentimita 30 kwenda chini kwenye udongo mgumu, hakitachimbika na kitakuonyesha mtu akikichezea.
- Kutoka kizingiti hadi sehemu ya chini kabisa ya mgongo kusipungue mita 1. Nusu ni ya mafuriko, nusu ni ya mawimbi na kushuka kwa udongo.
- Njia ya utoro ipite kwenye ardhi ya asili, si juu ya tuta wala udongo wa kujaza, na irudi mtoni mbali na mguu wa tuta.
- Sakafu iwe na ukoka mfupi uliofumana. Majani marefu yenye mashina hulala na kuchimbika.
- Shuka mpaka mwisho wa njia uangalie korongo. Hili ndilo watu wasilolitazama. Maji yakianguka mwishoni huchimba shimo, shimo linapanda nyuma mita chache kila msimu, na siku litakapofika kizingiti bwawa lote litatokea hapo. Piga kigingi kwenye ncha ya korongo, pima umbali wake hadi kizingiti kila mwaka. Ukipungua, jenga ngazi ya gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) zilizolazwa juu ya kitambaa cha kuchujia kabla ya masika yanayofuata.

Hatua ya 3: Maji yanayovuja

Kila tuta la udongo linavuja. Swali si kama linavuja, bali ni kiasi gani, wapi, na maji ni ya rangi gani.

Tembea mguu wa tuta asubuhi mapema wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kwingine. Kipande cha majani mabichi, udongo unaobonyea, vyura, au matete yaliyojiotea peke yake vitakuonyesha maji yanapotokea. Piga kigingi chenye namba kila mahali. Pale ambapo maji yanatiririka, chimba mfereji mdogo wa kuyakusanya nje ya mguu, uweke kipande cha bomba mwishoni, na chini yake pawe na nafasi ya ndoo.

Kipimo ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 80, unavuja lita 15 kwa dakika. Andika namba hiyo pamoja na kimo cha maji bwawani siku hiyo, kwa kuwa bwawa likijaa uvujaji huongezeka na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni ndoo kujaa kwa sekunde 60 huku maji bwawani yako palepale yalipokuwa mwezi uliopita.

Kisha chota maji hayo kwenye chupa nyeupe ya plastiki, uiache saa moja mahali patulivu. Maji angavu, hata yakiwa mengi, ni tatizo la wiki. Tabaka la mchanga au tope chini ya chupa ni tatizo la leo: tuta linaliwa kutoka ndani. Hufanyika hivi. Punje za udongo huondoka pale maji yanapotokea, tundu linarudi nyuma kuelekea bwawani, kila linavyorefuka njia ya maji inakuwa fupi na nguvu yake inakuwa kubwa, mpaka tundu linafika kwenye maji na kuwa bomba. Tarehe 5 Juni 1976 kwenye bwawa la Teton, Idaho, Marekani, maji ya tope yalionekana asubuhi. Saa 5 na dakika 57 tuta la mita 93 lilibomoka. La kwako ni la mita 5. Usitegemee kwamba utapata hata hizo saa chache.

Kosa la kawaida hapa linatokana na nia njema: mtu anaona maji yanatoka, anayaziba kwa udongo wa mfinyanzi au zege kutoka nje. Maji hayajazuiwa, yamefungiwa. Shinikizo linapanda ndani ya tuta, udongo unalowa, na uso wa nje unateleza au maji yanatafuta pengine pa kutokea. Kutoka nje, maji hayazibwi. Yanaachiwa njia, udongo ndio unaozuiwa. Mwaga mchanga wa mtoni uliochekechwa, usio na tope, unene wa sentimita 30. Juu yake kokoto ndogo sentimita 30. Juu yake mawe. Mpangilio usigeuzwe: mawe yakitangulia, udongo utapita katikati yake kana kwamba hakuna kitu. Ukiona chemchemi inayochemka na kurundika mchanga kama kichuguu, izungushie viroba kama kisima, upandishe ukuta kidogo kidogo mpaka maji yanayotoka yawe angavu, kisha uache. Usijaribu kuyakausha.

Kuziba kunafanyika upande wa maji tu, na mara nyingi ni baada ya kushusha bwawa.

Fanya pia jaribio la bonge, dakika tano tu. Chukua bonge la udongo wa tuta ukubwa wa punje ya mbaazi, lidondoshe kwenye glasi ya maji ya mvua, usiitikise. Likimeng'enyuka na maji yakabaki safi, sawa. Likitoa wingu kama maziwa linalosambaa, udongo wako una sodiamu nyingi na unasambaratika wenyewe kwenye maji. Ufa mdogo kwenye tuta kama hilo unaweza kuwa tundu kwa msimu mmoja. Mhandisi aambiwe hilo kabla ya chochote, kwa sababu matengenezo yake yatahitaji jasi au chokaa kuchanganywa kwenye udongo.

Hatua ya 4: Bomba

Maji hupenda kufuata ngozi ya nje ya bomba, kwa kuwa chini ya tumbo la bomba udongo haushindiliki vizuri. Angalia mdomo wa bomba kule chini: unyevu kulizunguka, shimo juu yake kwenye uso wa nje, au maji ya tope valvu ikiwa imefungwa. Mahali pazuri pa valvu ni upande wa maji, ili bomba lililomo ndani ya tuta lisikae na shinikizo mwaka mzima. Ifungue na kuifunga yote kila mwezi. Valvu ambayo haijaguswa miaka mitatu haitafunguka usiku wa mafuriko.

Bwawa likiwa halina bomba, usichimbe tuta kulipitisha. Tumia saifoni, yaani bomba linalovuka juu ya mgongo na kuvuta maji lenyewe: bomba la plastiki ngumu la milimita 110, valvu pande zote mbili, tundu la kujazia maji kileleni. Kwenye miinuko kama ya Nakuru usipange kunyonya maji kwa kimo kinachozidi mita 5. Bomba hilo likiwa na urefu wa mita 40 na tofauti ya kimo ya mita 4 litatoa lita 20 hivi kwa sekunde, kama mita za ujazo 1,700 kwa siku. Bwawa lenye uso wa hekta 1 litashuka mita moja kwa siku tano au sita, hapo mto haujaleta kitu. Kwa hiyo saifoni ni ya kushusha maji mapema, si ya kuokoa usiku wa hatari.

Katika hali ya kawaida usishushe zaidi ya sentimita 30 kwa siku. Uso wa maji uliolowa ukiondolewa ghafla maji yaliyokuwa yanauegemeza huporomoka.

Hatua ya 5: Tuta lenyewe

Nyufa. Ufa unaokata mgongo kutoka bwawani kwenda nje ni mbaya kuliko ule unaofuata urefu wa tuta, kwa sababu ni mlango. Ule wa kufuata urefu, hasa ukijipinda kama mwezi na upande mmoja umeshuka, ni dalili kwamba kipande cha tuta kimeanza kuteleza. Piga vigingi viwili, kimoja kila upande, na msumari juu ya kila kimoja. Pima umbali kati ya misumari kila wiki. Kujua kina cha ufa, mimina ndani yake maji yaliyokorogwa na chokaa, subiri yanywewe, kisha chimba kwa jembe ukifuata weupe mpaka uishe. Ukiisha kabla ya nusu mita ni ukavu wa kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga una tabia hiyo. Jaza kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe. Ukiendelea chini ya hapo, shusha maji na uite mhandisi. Usimwage udongo mkavu juu ya ufa ili usionekane.

Miti. Mche unaong'oleka kwa mkono, ng'oa. Mti wenye shina la sentimita 15 na zaidi usiukate ukaondoka: mizizi ikioza huacha mirija ndani ya tuta. Unatolewa maji yakiwa chini, kisiki na mizizi vinachimbwa, shimo linapanuliwa pande zake zilale, linajazwa na kushindiliwa kwa tabaka. Ukoka unatosha kulinda tuta, na ufyekwe ili mtu aone ardhi.

Wanyama. Fuko, panya buku, kenge na kaa wanachimba. Mchwa wanachimba zaidi na kwa ndani. Kichuguu kilichoko juu ya tuta kisisawazishwe tu, kifuatwe mpaka chumba cha malkia. Ng'ombe wasipandishwe: njia yao moja juu ya mgongo hubonyea na kuwa utoro mpya. Wajengee hori nje, angalau mita 20 kutoka mguu wa tuta.

Mawimbi. Mstari wa maji ukianza kukatika kama ngazi, panga mawe ya kilo 10 hadi 30 juu ya kokoto. Unapofukua tope, usichimbe ndani ya mita 10 za uso wa maji. Unaweza kutoboa tabaka la udongo wa mfinyanzi linalozuia uvujaji.

Hatua ya 6: Daftari na mlinzi

Simamisha nguzo yenye alama kila sentimita 10 ndani ya maji, sifuri ikiwa sawa na kizingiti. Weka kipima mvua cha plastiki. Mzunguko mzima wa kukagua unachukua dakika 40: mgongo kwa kwenda, mstari wa maji kwa kurudi, uso wa nje kwa kupandisha na kushuka kama nyoka, mguu, mabega yote mawili, bomba, utoro hadi mwisho. Kiangazi mara mbili kwa mwezi, masika na vuli kila wiki, kila siku maji yakiwa yanapita utoro, na kila mara mvua inapozidi milimita 50 kwa siku. Bwawa jipya, au lililokaa tupu kwa miaka, likaguliwe asubuhi na jioni mpaka lijae, kwa kuwa kujaa kwa kwanza ndio mtihani wake mkubwa.

Ukurasa wa daftari usiwe hotuba: «14 Aprili, saa 1 asubuhi. Maji chini ya kizingiti sm 35. Mvua ya jana mm 22. Kigingi cha 3, ndoo sekunde 85, maji angavu. Shimo jipya la fuko karibu na kigingi cha 5, limezibwa.»

Wenye mabwawa wengi wanaishi mjini na kumwachia bwawa kijana mmoja. Basi mpe mamlaka pamoja na kazi. Kama lazima akupigie simu ndipo afungue valvu au awaambie watu wahame, na simu yako imezimwa, huna mlinzi.

Hatua ya 7: Siku ya hatari

Tembea bonde lote kwenda chini, ukiwa na kalamu. Andika kila nyumba, shule, daraja na kivuko ambacho maji yangekipitia, jina la mwenye nyumba na namba mbili za simu. Andika pia nani yuko juu yako: bwawa la jirani likipasuka, la kwako linafuata. Nakala ziende kwa chifu au mwenyekiti wa kijiji, na kwa jirani aliye karibu zaidi na bwawa. Kubalianeni sauti ya onyo ya usiku, iwe king'ora, kengele ya kanisa au kipaza sauti cha msikiti.

Viwango viwe vitatu, vilivyoandikwa kwa namba:

- Angalia: maji yamepita kizingiti kwa sentimita 20, au uvujaji umeongezeka. Mlinzi habanduki, valvu inafunguliwa yote.
- Jiandae: utoro una nusu ya kina chake cha mwisho, au kuna ufa mpya, au maji yamebadilika rangi. Piga simu kwa mhandisi, kwa mamlaka ya maji, na kwa nyumba zote. Wazee na watoto waanze kupanda.
- Ondokeni: maji yamebakiza sentimita 30 kufika mgongo, au yanatoka na tope, au kuna kizunguzungu cha maji bwawani. Watu wapande kwanza kilimani, pembeni mwa bonde, wasikimbie kufuata mto. Simu za msaada zinafuata: 999 au 112 na Msalaba Mwekundu 1199 kwa Kenya, 112 na Zimamoto 114 kwa Tanzania.

Watu wakishaondoka, na kama bado kuna usalama, ongeza viroba pale mgongo ulipobonyea, au panua utoro kwenye ardhi ngumu ya asili mbali na bega. Kwenye kizunguzungu tupa marobota ya nyasi, mawe na magunia ya udongo kutoka upande wa maji. Usikate tuta hata kidogo ili «kupunguza» maji. Mfereji wa upana wa jembe utakuwa wa mita 10 kabla hujaweka jembe chini.

Hatua ya 8: Vibali na ukaguzi wa mtaalamu

Kenya, kuzuia maji ya mto kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, pamoja na leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kanuni za 2007 ziliweka daraja tatu: A ni kina chini ya mita 5 na ujazo chini ya mita za ujazo 100,000, B ni kuanzia mita 5 hadi chini ya 15, au ujazo hadi milioni 1, C ni juu ya hapo. Tanzania, anza na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde lako. Ziko 9, na sheria ni ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, ikiwa na kanuni zake za usalama wa mabwawa.

Mlete mhandisi mara moja kwa mwaka, mwezi mmoja kabla ya masika, umpe daftari kabla hajashuka kwenye gari. Ripoti yake iseme nini kifanywe, kwa tarehe gani. Ripoti inayosema tu «bwawa liko katika hali nzuri» haikusaidii bwawani wala mahakamani. Na mahakamani ni pazito: kesi ya Rylands na Fletcher, iliyoamuliwa London mwaka 1868, ilihusu bwawa dogo la kinu, na kanuni yake ndiyo iliyorithiwa huku: anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, hulipa kikitoroka, hata kama yeye mwenyewe hakuzembea.

Bwawa usilolihitaji tena

Bwawa lililojaa tope na lisilotumika bado linazuia maji siku ya mafuriko, kwa hiyo lifunguliwe rasmi, kwa kibali. Litoe maji yote kiangazi kwa saifoni au pampu. Kata tuta pale palipokuwa na mto wa asili, hadi chini kabisa kwenye ardhi ya zamani, usiishie nusu. Sakafu ya mkato isiwe nyembamba kuliko mto wenyewe ulivyo juu ya bwawa, na kuta zake zilale 2 kwa 1 kila upande. Tuta la mita 5 lenye mto wa mita 4 litakuwa na mdomo wa mita 24 juu. Udongo unaotoka usimwagwe mtoni. Panda ukoka kwenye kuta siku hiyohiyo, na panga mawe sakafuni kabla ya mvua ya kwanza.